Maji ya Baritoni ya Mama

Rafiki yangu, mimi na wewe tumekula chumvi pamoja na umri wetu ni mmoja, kwa hivyo nitakuambia kitu ambacho sijawaambia hata wale akina mama tunaoomba nao Jumatano. Sio siri. Ni vile tu kila nikianza kukisema naishia kuongea mambo mengine. Juzi nilikuwa soko la Gakoromone natafuta viazi, nikapita kwa mtu anayeuza vyuma vya zamani. Kulikuwa kumenyesha na vyuma vimelowa, na hapo ndipo nikasikia ile harufu ya shaba iliyolowa. Kama huijui, chukua shilingi ya zamani uiweke kwa ulimi, utaijua. Nilisimama hapo na kiondo changu, watu wananipiga mabega, mpaka mama wa kabichi akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimerudi kule juu ya Timau, niko mtoto, meno ya mbele yameng'oka, na Mama hawezi kuvuta pumzi.

Sisi tulikaa kwa nyumba za wafanyikazi za chuo kikuu, kule ngano inaisha na msitu unaanza. Baridi ya huko ni ile ya kuamka ukakuta maji ya ndoo yameshikana juu kama ngozi ya maziwa. Baba alikuwa fundi wa mawe, kazi yake ilikuwa Embu, na tulimwona mwisho wa mwezi. Mama alikuwa mpishi wa wanafunzi. Cucu, mama yake Baba, aliletwa kutoka Kanyakine anichunge Mama akiwa kazini, na hakuna siku alinyamaza juu ya hiyo baridi. "Hii si baridi ya watu," alikuwa anasema, "ni ya kondoo. Na kondoo hata wamepewa sweta."

Jikoni ya chuo ilikuwa na masufuria ambayo mtoto kama mimi angeweza kuoga ndani. Kuni zilikuwa za mkaratusi, na kwa sababu ya mvua hazikukauka hata mara moja. Moshi ulikuwa mnene, mweupe, unakaa pale ndani kama mtu mwenye nyumba. Mama alikuwa na bomba la chuma la kupulizia moto. Angeinama, aweke mdomo kwa bomba, na apulize pumzi moja ndefu, ndefu, mpaka makaa yawe mekundu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wapishi wengine walipuliza mara nyingi, fuu, fuu, fuu. Mama alipuliza mara moja. Hiyo pumzi ndiyo ilimwingiza kwa bendi.

Wacha nikuambie juu ya bendi, kwa sababu hakuna mtu ameiandika popote na mimi naogopa itapotea kabisa. Wazungu wa misheni waliokuwa hapo kabla hakujawa chuo kikuu walipoenda kwao baada ya uhuru, waliacha sanduku kubwa la mbao kwa stoo. Ndani kulikuwa na tarumbeta, tromboni, klarineti, filimbi za chuma, baritoni, na tuba moja yenye shimo. Vitu hivyo vililala na panya. Halafu akaja Mwalimu Njeru, mtu wa Embu, mfupi, mwenye koti la kahawia ambalo mifuko yake ilikuwa imejaa nta na uzi. Yeye ndiye alifungua sanduku. Wanasema siku za kwanza walikuwa watu watatu tu, na wakipiga tenzi kwa bwalo la chakula wanafunzi waligonga sahani wakitaka wanyamaze. Miaka ikaenda. Wakapiga siku za kuhitimu, wakashuka Meru kupiga siku za serikali, wakaitwa mpaka makanisani. Mwalimu alichukua nyimbo za kupura mtama ambazo mama yake aliimba huko Embu akazigawa: klarineti ianze kama mwanamke mmoja, halafu vyuma vyote vimwitikie kama kijiji. Siku wimbo wa hivyo ulipigwa mara ya kwanza, wafanyikazi wa kufagia waliweka fagio chini.

Vifaa havikuwa na spea. Ulimi wa klarineti ukivunjika, waliuchonga kwa mwanzi wa mlimani, wanaukwangua na kipande cha chupa mpaka mwanga upite. Vifuniko vya matundu walivikata kwa ngozi ya kiatu. Tuba ilizibwa na nta ya nyuki. Hiyo tuba waliiita Chifu, kwa sababu ilikuwa inaguna tu na kila mtu anafuata. Aliyeipiga alikuwa mwanafunzi mmoja mkubwa, mcheshi, anaitwa Mutembei, na mimi nilimpenda kwa sababu aliniita "Mkuu wa Chuo."

Sasa, Mwalimu Njeru alikuja jikoni siku moja kuuliza chai akamwona Mama anapuliza moto. Akasimama. Akasahau chai.

"Mama Kendi," alimwambia, "hiyo pumzi unamalizia kwa makaa?"

"Nimalizie wapi sasa, Mwalimu? Kwa uji?"

"Njoo saa kumi. Nina chombo kinakungoja."

Wapishi wakacheka sana. Mmoja akasema, "Haya, nenda upate digrii ya kupuliza!" Mama naye akacheka, lakini saa kumi akafunga kitambaa vizuri akaenda, na mimi nyuma yake nimeshika leso yake. Walimpatia baritoni. Ni kama tarumbeta iliyonona, unaishika kama mtoto anayenyonya. Sauti yake ni ya katikati, ya mviringo, si ya kujionyesha. Nilikuwa naweka sikio kwa mgongo wa Mama akipiga, na sauti ilikuwa inapita kwa mifupa yake inaingia kwangu. Mpaka leo sijasikia kitu kama hicho, hata kanisani, na Mungu anisamehe.

Mwalimu alikuwa na desturi moja. Kabla ya noti yoyote, walipuliza hewa tupu. Mkono wake ukipanda, wote wanavuta. Mkono ukishuka polepole, wote wanaachilia ndani ya vyuma bila sauti. Ilikuwa kama upepo umeingia chumbani na kuketi. "Sauti ni mgeni," alikuwa anawaambia. "Pumzi ndiyo mwenye nyumba. Na nyumba hii ina mwenyewe mmoja tu, sio ishirini." Angesimamisha kila kitu mtu mmoja akivuta mapema. Hakutaka kusikia nani mzuri. Alitaka wavute pamoja mpaka usijue ni kifua cha nani.

Na hapa ndipo akili yangu ya utoto ilipotea njia. Kule juu ni baridi, na ukipuliza hewa ya moto ndani ya chuma baridi, maji yanafanyika. Kila chombo kina kitundu kidogo cha kuyatolea. Wimbo ukiisha, wote walikuwa wanainamisha vyombo na kumwaga, to, to, to, kwa nyasi za mbele ya bwalo. Mimi nilijua mate, si ndiyo? Na wewe unajua kwetu mate ni nini. Asubuhi ya mtihani, Cucu alinishika viganja, akatema mate kidogo, kama umande tu, na kidogo kifuani, akasema maneno yake ya kunitakia mema. Alikuwa Mkristo, alibatizwa zamani, lakini hiyo hakuiacha, na alikuwa anamalizia na jina la Yesu ili mambo yawe sawa. Aliniambia, "Mate ya mtu mzima ni ya watoto wa nyumba yake. Hayamwagwi njiani."

Basi nikamwona Mama anamwaga. Kila jioni, kila wimbo, anamwaga baraka yake kwa nyasi za watu. Na siku ya magauni, ile ya kuhitimu, wanafunzi walikuwa wanakanyaga hizo nyasi kwa viatu vyao vipya, wakitoka hapo wanakuwa walimu, wanakuwa wakubwa wa ofisi, wanakuja kutembea na magari. Nani angenidanganya? Niliona kwa macho yangu baraka inaenda wapi. Sisi nyumba yetu ilikuwa inavuja upande mmoja, Baba yuko mbali, na Mama ameanza kukohoa.

Kikohozi kilianza kidogo, cha asubuhi tu. Halafu kikawa cha mchana. Mama alikunywa chumvi na maji ya moto, akapakwa mafuta mgongoni na Cucu, akaenda kazini. Kwa bendi alijificha. Nilimwona akishika baritoni mdomoni bila kupuliza, vidole vinatembea, mashavu hayajai. Mwalimu aligeuza shingo, akasikiliza, akaangalia upande mwingine kama mtu amepoteza kitu. Usiku wa nyumba yetu ukawa na sauti mpya, kama mlango unaofunguliwa polepole na haufunguki. Hiyo ilikuwa kifua cha Mama.

"Waambie unaumwa," Cucu alimwambia.

"Nikisema kifua, wananitoa jikoni. Wakinitoa jikoni, wananitoa kwa nyumba. Na baritoni watampa nani?"

"Baritoni! Mwanamke hawezi kupanda kitanda na anauliza chuma!"

"Mama, wacha tu. Itapita. Mungu ananiona."

Ikaja wiki hakuweza kusimama. Alinituma kwa msimamizi wa jikoni na maneno ya uongo: ameenda Embu kumwona Baba. Mvua ilikuwa imeharibu ile barabara ya udongo ya kutoka kwetu mpaka lami, na magari ya abiria hayakupanda tena. Zahanati ilikuwa imetupatia vidonge, na vidonge vimeisha. Mama alikaa ameinamia mto, mikono kwa magoti, mdomo wazi. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau. Cucu aliomba Kimeru, akaomba Kiswahili, nafikiri alitaka kuhakikisha. Alimtemea mate ya baraka kifuani, na nikamwona anatema tena na tena kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa. Mama akaniangalia. Hakuweza kusema, lakini macho yake yalikuwa yananiaga, na mtoto anajua macho hayo hata kama hajawahi kuyaona.

Mimi nikajiambia, baraka ya Cucu moja haitoshi, kwa sababu baraka ya Mama mwenyewe imeisha, ameimwaga yote. Lazima irudishwe. Nikachukua kikombe cha bati nikakimbia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ukungu umeshuka mpaka chini. Mbele ya bwalo lori la chuo lilikuwa linanguruma na bendi yote iko hapo kwa yunifomu, mashati meupe, kofia nyeusi. Walikuwa wanashuka Meru kwa mashindano ya bendi za vyuo. Mwaka mzima walikuwa wanangoja hiyo siku. Walikuwa wamemaliza tu kupasha vyombo moto, na wanamwaga maji. Nikaingia katikati yao nikainua kikombe.

"Mwageni hapa!"

"Ai! Mkuu wa Chuo!" Mutembei alisema. "Umekuja kutuuzia chai?"

"Mwageni hapa ndani. Msimwage chini!"

"Mwalimu, huyu mtoto ako na kikombe, anataka mate ya Chifu!"

Wakacheka. Msichana wa klarineti akashika tumbo. Mimi nikaanza kulia, lakini sikushusha kikombe. Nikasema kila kitu kwa fujo, vile watoto wanasema: hizo ni baraka za Mama, nyinyi mmekanyaga zote, mmekuwa wakubwa na yeye ameishiwa, sasa hapumui, mrudishe hata kidogo. Nilipofika hapo hakuna aliyekuwa anacheka. Mutembei aliinamisha ile tuba kubwa, polepole, akamwaga kwa kikombe changu. Mwingine akaja. Na mwingine. Waliinama mmoja mmoja, kama wanatoa sadaka.

Mwalimu Njeru alichuchumaa mbele yangu. "Kendi. Mama yako si ako Embu?"

"Ako nyumbani. Amegeuka zambarau."

Aliinuka hapo hapo. "Pandisheni vyombo. Dereva, geuza lori, tunapitia kwa nyumba za wafanyikazi."

Dereva akasema, "Mwalimu, tukipita huko na hili tope hatutafika mashindano."

"Nimekuuliza mashindano?"

Nilifika nyumbani wa kwanza, kikombe nimekifunika na kiganja. Nikampa Cucu. Harufu ilitoka, ile ya shilingi mdomoni. Akakinusa kwa karibu.

"Hii ni nini?"

"Mate ya bendi. Mpake Mama."

Cucu alikitazama kikombe. Sikutegemea alichosema, na kiliniumiza kuliko fimbo yoyote niliyowahi kuchapwa. "Mtoto wangu, hawa ni watoto. Baraka inashuka, haipandi. Mtoto hambariki mzazi." Akatoka mlangoni akayamwaga nje.

Rafiki yangu, nilianguka chini. Sikuwa na kitu kingine. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu yote, na imeingia kwa tope. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na alisikia. Aliondoa kofia yake, akamwambia Cucu kwa heshima, "Cucu, ni kweli, kubariki hawawezi. Lakini kupumua wanaweza. Tupe huyu mama."

Walimbeba na kiti. Mutembei na wengine walimwinua mpaka kwa lori, wakamweka katikati ya vyombo, mgongo wake kwa kifua cha Mutembei ili asilale. Turubai ilikuwa juu yetu na mvua inaigonga. Lori likaanza kushuka, linateleza hivi na hivi, na Mama akashikwa na hofu. Hiyo hofu ndiyo ilikuwa inamuua haraka. Alivuta kwa juu juu, kama kifaranga, hewa haifiki. Macho yametoka.

Mwalimu alipiga magoti mbele yake. Akainua mkono.

"Mama Kendi, niangalie. Usiangalie barabara. Hakuna sauti leo, ni hewa tupu. Bendi, pamoja naye."

Mkono ukapanda, na wote wakavuta. Ukashuka polepole, na wote wakaachilia. Bila vyombo, vifua tu. Mama hakuweza kufuata. Mkono ukapanda tena. Msichana wa klarineti alikuwa amemshika vidole, na kila mkono ukishuka alikuwa anambonyeza. Mara Mama anaachilia mapema, Mwalimu anatingisha kichwa kama ni mazoezi, "Tena, pamoja, usiwaache." Sijui tulikwenda vile kwa muda gani. Tuliingia lami, tukapita mashamba ya ngano, tukaingia msitu, mkono unapanda, mkono unashuka, koti la kahawia limelowa mpaka kwapa. Wanafunzi walikuwa wamefungua vifungo vya mashati. Wengine walikuwa wanalia huku wanapumua, na hawakukosea mkono. Mimi nilikuwa napumua nao. Cucu alikuwa anapumua nao. Na kuna mahali, pale msituni, nilisikia kifua cha Mama kimeingia katikati yao. Kilikuwa dhaifu, kina ile sauti ya mlango, lakini kiliingia nao na kikatoka nao. Usingejua ni cha nani.

Kisha, karibu na mji, kikapotea tena. Mwalimu akaita, "Mama Kendi! Mama Kendi!" Kichwa chake kilikuwa kimelala kwa bega la Mutembei, na Mutembei, yule wa mzaha kila wakati, alikuwa anasema tu, "Aki Mungu, aki Mungu, aki Mungu."

Hospitalini walimchukua na kitanda cha magurudumu. Sisi tukabaki kwa veranda. Watu wanatuangalia, bendi nzima na yunifomu, imelowa, haina hata filimbi mkononi. Muuguzi alitoka akauliza, "Watu wa huyu mama ni akina nani?"

Wote wakasimama.

"Nyinyi wote?"

"Sisi wote, sista," Mutembei akasema.

"Ninataka wa damu tu."

Mwalimu akatusukuma mbele, mimi na Cucu. Mlango ukafungwa nyuma yetu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliona bendi ya chuo.

Ndani, Mama alikuwa amewekewa mpira wa hewa puani. Hakutujua. Tuliketi chini ya ukuta. Wakati huo huo, bila sisi kujua, Mwalimu ndiye alikuja kutuambia baadaye, muuguzi mwingine alitoka na nguo za Mama, zile walizomvua kwa sababu zimelowa, zimefungwa fundo pamoja na viatu vyake juu. Akaziweka mikononi mwa Mutembei akarudi ndani haraka, kuna mgonjwa mwingine ameletwa. Wewe unajua kwetu kupewa nguo za mgonjwa na viatu juu ni kuambiwa mwenyewe hatazivaa tena. Hawakuuliza. Nani anauliza? Waliondoa kofia. Mwalimu aliomba wakiwa wamesimama, halafu wakarudi chuoni kupeleka habari na kupanga kuja kesho yake na watu wazima wa chuo, vile inavyofaa, kutushika mkono na kutusaidia kumpeleka nyumbani.

Kesho hiyo haikufika. Wanafunzi walikuwa na ugomvi wao na wakubwa, hata sisi watoto tuliusikia kwa kuta, na usiku ule ukalipuka. Kulipokucha chuo kilikuwa kimefungwa na wanafunzi wote wameamriwa kwenda makwao. Mutembei akaenda, msichana wa klarineti akaenda, Mwalimu naye akarudi kwao Embu, kila mtu na upande wake wa nchi. Stoo ya vyombo ikafungwa kufuli. Chuo kilipofunguliwa tena kulikuwa na watu wengine na mambo mengine, na hakuna aliyeuliza sanduku. Nimesikia shaba iliuzwa kwa kilo.

Mama alikuwa hai. Alikaa hospitalini mpaka mvua ikaisha. Baba alikuja kututoa kwa zile nyumba, akatupeleka Kanyakine kwa Cucu, kwa sababu jikoni hakungerudi na kifua hicho. Siku moja ya jua Mama ameketi nje kwa gunia, anachambua maharagwe, tukaona mtu mfupi anapanda kwa njia ya migomba. Amevaa suti nyeusi na amebeba sukari na majani ya chai kwa mfuko. Alikuwa Mwalimu Njeru. Alikuwa ametoka Embu kuja kutupa pole.

Aliona Mama. Mfuko ukaanguka.

Cucu, ambaye alikuwa hajajua chochote juu ya zile nguo, akamwangalia hiyo suti kutoka juu mpaka chini. "Mwalimu, karibu. Mbona hivyo? Umekuja kuzika nani?"

Aliketi kwa udongo, na suti yake, akashika kichwa akalia kwa sauti, mtu mzima. Mama alimgusa bega. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo, ya kunong'ona, na haikurudi tena mpaka mwisho.

"Mwalimu, wale watoto wako wapi? Sijawaambia asante."

"Wanajua umekufa," akasema. "Mama Kendi, wote wanajua umekufa mikononi mwao."

Mama hakupuliza chochote tena, hata moto. Kazi ya moto ikawa yangu, na ya maji, na ya shamba, na hivyo ndivyo shule iliniacha, nikaja kuipata kwa madarasa ya jioni nikiwa na watoto wangu. Simlaumu mtu. Mama aliishi mpaka akanifunga kitambaa cha arusi, akamwona mjukuu wa kwanza, akamtemea mate ya baraka kwa hiyo pumzi yake ndogo. Lakini hakupata amani. Kila tulipopiga magoti aliwaombea kwa kuwahesabu na vyombo, wa Chifu, wa klarineti, wa tromboni, kwa sababu majina mengi hakuyajua. Alisema ni dhambi mtu kukubebea kifo ambacho hakikutokea. Mwalimu aliwatafuta, akawapata wachache, na sasa yeye mwenyewe ametangulia. Wengine hawakupatikana. Mutembei hakupatikana.

Ndiyo maana nimekuambia wewe, na wewe usikae nayo. Isimulie kanisani kwenu, isimulie kwa chama, isimulie kwa matanga ambako watu wametoka mbali. Wale wanafunzi leo ni wazee wenye mvi, wako mahali, na labda kuna mmoja ambaye bado hupita kwa hospitali ya Meru akageuza uso. Ukimpata mtu aliyewahi kupiga bendi kule juu ya Timau, usimuulize mambo mengi. Mwambie tu Mama Kendi hakufa siku ile. Alitoka pale kwa miguu yake.